Uzito Mmoja Katika Mizunguko Miwili: Uchambuzi wa Kisa cha Injini Iliyosukwa Upya Tanga

Injini iliyoletwa katika karakana yetu ya Ngamiani, Tanga, ilikuwa imeshasukwa na kufungwa mpaka kifuniko cha valvu, ila haikuwa imewahi kuwashwa. Ilikuwa Toyota 4A-GE ya valvu 16, ile iliyofungwa kwenye Corolla za michezo za miaka ya 1980, na mwenye gari alikusudia kuitumia katika mbio za magari za barabara za vumbi. Gereji iliyoisuka ilimkabidhi injini pamoja na karatasi yenye vipimo vya kila kifaa. Karatasi hiyo ilikuwa nadhifu na, kama tulivyokuja kuthibitisha, karibu kila tarakimu yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, alipoizungusha injini kwa mkono, kwa spana ndefu iliyoshika bolti ya mbele ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), mwenye gari alihisi mahali panapokuwa pazito ghafla kisha pakalegea. Aliporudi kuuliza, akajibiwa kwamba ringi (pete za pistoni) ni mpya na zitajilainisha zenyewe baada ya kilomita mia chache. Jibu hilo halikumridhisha, na kwa bahati yake hakupiga stata.

Kisa hiki ninakiandika kwa urefu kwa sababu kosa lililokuwamo halikuwa la kifaa chochote. Mwanya, ambao gereji nyingi huuita kliaransi, hauwi mali ya pistoni peke yake wala ya silinda peke yake. Huzaliwa vifaa viwili vinapokutana vikiwa vimekazwa, katika joto fulani, krenki ikiwa imesimama kwenye pembe fulani. Mtu anaweza kupima shingo zote za krenki (sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi) na kipenyo cha kila pistoni bila kukosea hata mara moja, na bado akakabidhi injini ambayo valvu yake inagusa pistoni.

Kabla ya kufungua bolti yoyote tulitoa plagi zote nne ili mgandamizo wa hewa usituchanganye, kisha tukafunga sahani ya nyuzi, yaani duara lenye alama za kusomea pembe, mbele ya krenki na kuanza kuzungusha polepole. Mimi nilikuwa nikisukuma spana huku nikijaribu kukadiria ni uzito wa namna gani. Fundi wetu mkuu, mzee aliyeanza kazi ya kukereza vyuma katika karakana ya shamba la mkonge, alinitazama kwa muda kisha akasema, “Mgosi, uzito uache. Hesabu mizunguko.”

Alikuwa na haki. Hitilafu ya krenki, ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) au ya pistoni ndani ya silinda hurudi katika kila mzunguko mmoja wa krenki, kwa kuwa sehemu hizo humaliza safari yao ya kupanda na kushuka ndani ya nyuzi 360. Kamshafti, mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo jambo linalohusu valvu hurudi mara moja katika mizunguko miwili. Springi za valvu nazo huhisika mkononi, lakini uzito wake huja mara nne katika mizunguko hiyo miwili, kwa mpangilio ulio sawa, kwa kuwa silinda za injini hii hupokezana kila baada ya nyuzi 180 kwa utaratibu wa 1-3-4-2. Uzito wetu ulikuja mara moja tu katika nyuzi 720, na kila ulipokuja sahani ilionyesha kuwa pistoni ya silinda ya 3 ilikuwa imepita ncha ya juu ya safari yake kwa nyuzi kama 12, mwisho wa kutoa moshi na mwanzo wa kuvuta hewa, wakati ambapo valvu za pande zote mbili huwa wazi kwa pamoja. Ringi mpya hazina namna ya kujua kwamba huu ni mzunguko wa kwanza au wa pili. Jibu la “ni ringi” lilifia hapo, kabla hata ya kushika spana nyingine.

Tulipoiondoa hedi, yaani kichwa cha injini kinachobeba valvu, tuliona alama inayong'aa, yenye umbo la ukucha, kwenye ukingo wa mojawapo ya vishimo vya valvu juu ya pistoni ya 3. Pistoni nyingine tatu hazikuwa na alama. Tukatazama mshale mdogo uliochongwa kwenye kichwa cha kila pistoni kuonyesha upande wa mbele wa injini, na kwenye pistoni ya 3 mshale huo ulikuwa unaelekea nyuma, upande wa flaiwili. Konrodi yenyewe ilikuwa imekaa sawa. Pistoni ndiyo iliyogeuzwa ilipokuwa inaunganishwa nayo. Katika 4A-GE kipini cha pistoni huelea na kushikwa kwa klipu mbili tu, kwa hiyo kugeuza ni kosa la sekunde chache, nalo halionekani kwa maikromita ya aina yoyote.

Kwa nini kugeuka huko kulete mgongano? Valvu ya kuingiza hewa katika injini hii ina kipenyo cha milimita 30.5, na ya kutolea moshi milimita 25.5. Vishimo kwenye kichwa cha pistoni huchongwa kwa kufuata vipimo hivyo, na kuachiwa nafasi kidogo pembeni. Kishimo cha upande wa moshi katika pistoni hizi kilikuwa na upana wa milimita 28.5, hivyo pistoni ilipogeuka, valvu ya milimita 30.5 ilikuwa inashuka kuelekea shimo ambalo haliwezi kuingia. Kwa kamshafti za kiwandani huenda lisingetokea lolote, kwa kuwa 4A-GE ya valvu 16 inajulikana miongoni mwa mafundi kuwa ni injini ambayo hata taimingi belti ikikatika valvu hazigongi pistoni. Nadhani sifa hiyo ndiyo iliyomlaza usingizi aliyeisuka. Injini aliyokuwa nayo mezani haikuwa tena ile yenye sifa hiyo, kwa kuwa ilikuwa na kamshafti zenye nundu ndefu zaidi, hedi iliyokwanguliwa milimita 0.6, na pistoni mpya za alumini iliyofuliwa, si ya kusubu.

Tuliigeuza hedi, tukamimina mafuta ya taa katika njia za hewa na kusubiri. Njia moja ya silinda ya 3 ilianza kutoa matone kwenye kiti cha valvu baada ya dakika mbili. Tuliitoa valvu hiyo, tukaishika kwenye mashine ya kukereza na kuweka dayo geji (saa ya kupimia) kwenye uso wake, nayo ikayumba kwa milimita 0.06. Ilikuwa imepinda kwa mikono ya watu waliokuwa wakizungusha spana tu. Stata ingeivunja.

Wapo ambao wangeishia hapo: geuza pistoni, badilisha valvu, funga. Mwenye gari mwenyewe alipendekeza hivyo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulipia usukaji mmoja. Tulimweleza kwamba kosa tulilolipata liliweza kupita kwa sababu hakuna aliyepima mikutano ya vifaa, na kama mkutano mmoja haukupimwa basi hatuna sababu ya kuamini kuwa mingine ilipimwa. Akakubali, shingo upande, na tukaifumua yote.

Nitakaa zaidi kwenye beringi, kwa kuwa ndiko mabishano yalikokuwa. Za 4A-GE zinahitaji uangalifu tangu dukani, maana injini za mwanzo zina shingo za konrodi za milimita 40 na za baadaye milimita 42, na muuzaji asiyejua huuza “za 4A-GE” kana kwamba ni moja. Yetu ilikuwa ya milimita 40, iliyosagwa kwa milimita 0.25, nazo beringi zilikuwa sahihi. Kila konrodi tuliifunga kepu yake ikiwa na beringi zake, kavu na zilizofutwa, na bolti tukazikaza kwa toki renchi kwa kiasi kile kile ambacho tungetumia siku ya mwisho, meno yake yakiwa na oili. Hilo la oili si urembo. Bolti kavu na bolti yenye oili, zikikazwa kwa namba moja ya renchi, hazibani kwa nguvu moja, na tundu la konrodi hubadilika umbo kufuatana na mbano huo. Anayepima kwa bolti kavu kisha akafunga kwa bolti yenye oili amepima injini nyingine.

Maikromita tuliiweka kwenye kipimo cha shingo yenyewe, tukaifunga isisogee, kisha boa geji (kipimo cha upana wa tundu) tukaiweka sifuri ndani ya maikromita hiyo hiyo. Kwa njia hii boa geji ikiingizwa ndani ya beringi husoma mwanya moja kwa moja, badala ya mtu kutoa namba moja katika nyingine na kujumlisha makosa mawili. Kipimo tulichukua wima, yaani kwa kufuata urefu wa konrodi. Nusu za beringi hutengenezwa zikiwa nene katikati na nyembamba kidogo karibu na maungio, kwa hiyo atakayepima kwa mlalo ataona mwanya mkubwa usiobeba mzigo wowote.

Shingo ya 1, ya 2 na ya 4 zilitupa mianya ya milimita 0.042, 0.043 na 0.042. Shingo ya 3 ilitupa 0.045 upande wa mbele na 0.053 upande wa nyuma. Kiwango cha kiwandani kwa konrodi za injini hii ni 0.020 hadi 0.051, na kikomo cha kuvumilia ni 0.080. Aliyesaga krenki aliiacha shingo hiyo ikiwa imechongoka kwa milimita 0.008, na karatasi ya gereji ya kwanza ilikuwa na namba moja tu kwa kila shingo, iliyopatikana kwa plastigeji, uzi laini unaobanwa kisha kupimwa upana wake, uliosomwa katikati. Sina ugomvi na plastigeji. Ukiulaza uzi ule kwa urefu wa shingo utaona unavyopanuka upande mmoja zaidi ya mwingine ukibanwa, ila anayetafuta namba moja ya kuandika huangalia katikati na kuendelea na kazi.

Sehemu nane za elfu za milimita ni kitu gani? Oili inayovuja kupitia mwanya mwembamba huongezeka kwa kufuata mchemraba wa mwanya huo. Mwanya ukitoka 0.042 kwenda 0.053 haujaongezeka hata kwa theluthi moja, lakini oili inayotoroka hapo ni karibu mara mbili. Oili hiyo inatoka kwenye pampu moja inayolisha beringi zote, na kinachotoroka kwenye shingo ya 3 kinakosekana kwingine injini inapozunguka mizunguko 7,500 kwa dakika. Kwa upande mwingine, sehemu ya shingo iliyo nene zaidi ndiyo itakayobeba mzigo, na beringi italiwa upande huo kwanza.

Fundi mkuu alitaka krenki irudishwe mashineni isagwe hadi 0.50. Mimi sikutaka, kwa sababu kila kusaga huondoa chuma kisichorudi, na kwa sababu mashine iliyochongoa mara ya kwanza ingeweza kuchongoa mara ya pili. Tulibishana siku nzima, kwa heshima, huku kijana wetu msaidizi akisafisha bolti zilizokwisha kusafishwa. Mwishowe tulipima unene wa nusu zote nane za beringi kwa maikromita yenye kidole cha mviringo, tukapata nusu moja iliyozidi wenzake kwa 0.003, tukaihamishia shingo ya 3. Mwanya ukawa 0.042 mbele na 0.050 nyuma. Kuchongoka kulibaki pale pale, lakini pande zote mbili sasa zilikuwa ndani ya kiwango. Mzee aliridhia kwa sharti kwamba sampu (bakuli la oili chini ya injini) ifunguliwe baada ya mashindano ya kwanza, na kwamba niandike jina langu kando ya namba hiyo. Niliandika.

Shingo kuu tano, ambazo hazikusagwa, zilikuwa na mianya kati ya 0.033 na 0.038 na hazikutupa taabu. Krenki ilicheza mbele na nyuma kwa 0.14, ambayo imo katika kiwango cha 0.020 hadi 0.220. Konrodi pembeni zilikuwa sawa.

Suala la pistoni na silinda lilituonyesha jambo ambalo mafundi wa pwani tunalipuuza. Karatasi ya mtengenezaji wa pistoni ilitaka mwanya wa 0.07. Kijana wetu alipima mchana akapata 0.04 kwenye silinda mbili, akaja mbio kutuambia kwamba silinda zinahitaji kusuguliwa tena kwa mawe. Pistoni alizozipima zilikuwa zimekaa dirishani, juani. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu: pistoni ya milimita 81.5 ikipata joto la nyuzi 15 zaidi hukua kwa zaidi kidogo ya 0.02, na hizo ndizo zilizokuwa zimepotea. Tulizileta pistoni ndani, tukaziweka juu ya bloku usiku kucha ili viwe na joto moja, na kupima upya bila kuzishika kwa kiganja. Namba ikawa 0.062 kwa wastani.

Bado ilikuwa pungufu ya 0.07, na hapo napo palihitaji hesabu. Vipimo vya viwandani duniani kote huandikwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Karakana yetu mchana ule, milango ikiwa wazi na upepo wa bahari ukivuma, ilikuwa nyuzi 32. Pistoni na bloku vyote hutanuka, ila pistoni huizidi bloku, na kwa kipenyo hiki tofauti ya nyuzi 12 huula mwanya kwa takriban 0.009. Kwa hiyo 0.062 ya Tanga ni 0.071 ya karatasi. Tungesugua silinda kufikia 0.07 kwa joto letu, tungezipanua bila sababu, na pistoni za alumini iliyofuliwa, ambazo hugonga kidogo zikiwa baridi hata katika hali nzuri, zingegonga zaidi. Beringi hazina shida hii kwa kiasi hicho, kwa kuwa shingo na konrodi ni chuma kwa chuma na hutanuka karibu sawa.

Niseme pia juu ya hewa yetu. Silinda iliyooshwa kwa sabuni na kuachwa kavu hapa Tanga huamka asubuhi na rangi ya kutu kama chai ya rangi. Kila jioni tulizipaka oili na kila asubuhi tulizifuta kabla ya kupima, kazi ya kuchosha, lakini kutu ya usiku mmoja inatosha kudanganya boa geji.

Ringi za juu tulizisukuma moja moja ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni ili zikae sawa, milimita 25 chini ya uso wa bloku, na kupima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia). Zilisoma kati ya 0.22 na 0.24. Hapa hesabu ni ya kutisha kidogo. Mzingo wa silinda ya 81.5 ni milimita 256. Ringi ikiwa na joto la nyuzi 100 zaidi ya ukuta wa silinda hurefuka kwa karibu 0.28, kwa hiyo mwanya wa 0.22 ungefungika wote, ncha zingesukumana, na ringi ingekwaruza silinda au kuvunja ukingo wa pistoni. Injini ya kwenda sokoni huenda isingefika huko. Injini inayopandishwa milima ya Lushoto kwa gia ya pili, mguu ukiwa chini, itafika. Kanuni ya wasukaji wa injini za mashindano zisizo na taabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi) ni kuzidisha kipenyo kwa 0.0045, ambayo kwetu ilitoa 0.37. Tulizipunguza kwa tupa nyembamba, ncha moja tu, tukisukuma kutoka uso wa nje kuelekea ndani ili usibaki ukingo mkali upande unaogusa silinda, tukipima kila baada ya mikwaruzo michache. Ringi za pili tuliziachia 0.42 ili gesi inayopenya ringi ya juu ipate pa kutokea badala ya kuisukuma ringi hiyo iinuke.

Tukarudi kwenye hedi, tulikoanzia. Watu wengi hudhani hedi ikikwanguliwa, pistoni inaikaribia zaidi. Si hivyo: uso wa hedi bado unakaa juu ya gasketi ile ile, na umbali kati ya pistoni na uso huo haubadiliki, kwetu ulikuwa 1.2, yaani gasketi ya 1.1 ikishabanwa na 0.1 ya pistoni kubaki chini ya uso wa bloku. Kinachobadilika ni kwamba chumba cha moto kimepungua na viti vya valvu vimeshuka pamoja na valvu zake. Zaidi ya hayo, kamshafti imeisogelea krenki, upande wa belti unaovuta umefupika, na kwa hiyo kamshafti inachelewa. Kwa milimita 0.6 ucheleweshaji ni karibu nyuzi moja ya krenki, mdogo, lakini unaelekea upande mbaya kwa valvu ya moshi.

Sababu ni hii. Pistoni inapopanda mwisho wa kutoa moshi, valvu ya moshi inakimbia mbele yake kurudi kwenye kiti chake. Kamshafti ikichelewa, valvu inachelewa kukimbia, na springi ikichoka kwa mizunguko mingi, valvu inakawia zaidi na pistoni inaifikia. Valvu ya kuingiza hewa ndiyo inayoifukuza pistoni inayoshuka, na ikikawia inabaki mbali. Ndiyo maana desturi hudai milimita 2.0 kwa upande wa hewa na 2.5 kwa upande wa moshi.

Tulitumia njia mbili, kwa kuwa kila moja inaona isichokiona nyenzake. Kwanza tulibandika udongo laini wa kuchezea watoto, uliopakwa oili, juu ya pistoni zote nne, tukafunga hedi kwa gasketi iliyokwisha kubanwa, valvu zikiwa zimesetiwa, tukazungusha krenki mara mbili kwa mkono na kufungua. Udongo ukikatwa kwa wembe huonyesha mwanya wa pembeni, ule uliokosekana kwenye pistoni iliyogeuzwa. Sasa ulikuwa milimita 1.5 pande zote, katika silinda zote. Kisha tuliweka springi dhaifu, za kuweza kubonyezwa kwa kidole, tukaweka dayo geji juu ya kikombe cha valvu na kuibonyeza valvu mpaka iguse pistoni, kila baada ya nyuzi 2, tangu nyuzi 20 kabla ya ncha ya juu hadi 20 baada yake. Anayepima kwenye ncha ya juu pekee anajidanganya. Mwanya mdogo kuliko yote wa upande wa moshi tuliupata nyuzi 10 kabla ya ncha, na wa upande wa hewa nyuzi 11 baada yake.

Upande wa hewa ulisoma 2.3. Upande wa moshi ulisoma 1.6. Tulipoipima kamshafti ya moshi kwa sahani ya nyuzi na kulinganisha na kadi yake, ilikuwa imechelewa kwa nyuzi 5, ingawa alama za puli zilikutana sawasawa; moja ilitokana na kukwanguliwa kwa hedi, na nne zilikuwa za kamshafti na puli zenyewe. Tuliirudisha kwenye kadi kwa puli inayorekebishika na mwanya ukawa 2.2. Mzee alitaka kuchimba vishimo vya pistoni kwa 0.3 zaidi. Safari hii mimi ndiye niliyeshinda bila kubishana sana: tuliivuta mbele kwa nyuzi 2 nyingine na dayo geji ikasoma 2.45, na hatukuondoa chuma mahali popote.

Valvu tuliziseti kwa shimu (vibati vya kurekebisha mwanya wa valvu), 0.20 upande wa hewa na 0.25 upande wa moshi, injini ikiwa baridi, katikati ya kiwango cha kiwandani cha 0.15 hadi 0.25 na 0.20 hadi 0.30. Ilitubidi kusubiri siku tisa kupata shimu mbili. Tulipofunga yote, tuliizungusha kwa spana mizunguko minane tukihesabu. Uzito wa springi ulikuja na kwenda kwa mpangilio wake, na silinda ya 3 haikuwa na lake la peke yake. Tukaizungusha kwa stata bila plagi mpaka geji ya oili ikapanda, tukafunga plagi, ikawaka.

Baada ya mashindano ya kwanza sampu ilifunguliwa kama tulivyoahidiana. Beringi ya 3 ilikuwa na mng'ao zaidi upande wa mbele, kule shingo iliko nene, bila mikwaruzo na bila rangi ya chini kuonekana. Tulipima tena kwa bolti zenye oili: 0.042 mbele, 0.052 nyuma. Mzee alivaa miwani, akaitazama nusu ile ya beringi kwa muda mrefu mlangoni penye mwanga, akairudisha mkononi mwangu, akasema itafunguliwa tena baada ya mashindano ya tatu. Nimeandika tarehe kwenye karatasi ile ile, chini ya jina langu.